Mgongo si Gari

Ndugu msomaji, siku ya soko usimame kidogo kando ya barabara inayoshuka kutoka Fizi kuja Baraka, uwatazame watu wanaopita. Utamwona mama ameinama, kitunga cha mihogo kiko mgongoni, kamba yake imemkaza paji la uso. Juu ya mihogo ameweka kuni. Mtoto yuko kifuani, na mkono mmoja umeshika bidoni ndogo ya mawese. Hatua kumi mbele yake anakwenda baba. Yeye ameshika fimbo, na labda simu. Anatembea wima kabisa, maana hakuna kitu kinachomwinamisha.

Siandiki haya ili tumcheke baba huyo. Mimi pia nimetembea hivyo. Ungeniuliza siku zile, ningekujibu kama wengi wanavyojibu: wazee walitangulia na mkuki, wapate kuwalinda wake zao na nyama wakali na adui. Jibu hilo lilikuwa na maana yake. Lakini mkuki umekwisha kuwekwa chini, na mzigo haujagawanywa bado. Najua vema kwamba njia zetu hazina amani siku zote. Lakini fimbo haishindani na bunduki, na siku ya kukimbia, mama mwenye mzigo mwepesi ndiye anayefika na watoto wake.

Asubuhi, wagonjwa wakiisha kukaa kwenye benchi, neno moja twalisikia sana: "Mganga, mgongo." Mama wa miaka 30 analisema, na koko wa miaka 70 analisema. Wala si watu wetu peke yao. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu 13 wa dunia yote. Hakuna ugonjwa mwingine unaozuia watu wengi zaidi wasifanye kazi zao. Katika hesabu hiyo wamo makarani wa Ulaya wanaoumwa kwa kukaa kitini mchana kutwa. Basi sisi tutasemaje, tunaopanda milima na mizigo?

Neno langu ni hili, nami najua kwamba wengine hawatalipenda. Maumivu mengi ya mgongo tunayoyaona hapa yanaanza nyumbani, saa ile mizigo inapogawanywa, au isipogawanywa. Watu watatu wakienda shambani na mmoja akirudi na mzigo wa wote, hakuna dawa katika kabati letu itakayomtosha huyo mmoja.

Kwanza tuuelewe mgongo wenyewe. Mgongo si fimbo moja. Ni mifupa mingi midogo iliyopangwa kama visahani, mmoja juu ya mwingine: saba ya shingo, kumi na miwili ya nyuma ya kifua, mitano ya kiuno, na chini yake mifupa iliyoungana pamoja. Katikati ya mfupa na mfupa kuna kitu kama mto mdogo, chenye maji maji ndani, ili mifupa isigongane. Mchana uzito huikandamiza mito hiyo, na usiku ukilala inanywa maji tena na kuvimba kidogo. Kwa sababu hiyo mtu ni mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni, kama sentimeta moja au zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuruka kitandani na kuinama papo hapo kuinua bidoni iliyojaa. Asubuhi mto umejaa, nao wasumbuka upesi. Washa moto kwanza, tembea uani, kisha uinue.

Pembeni mwa mifupa kuna nyama za mgongo, na hizo ndizo zinazofanya kazi ukiinua kitu. Ufanye jaribio hili jioni. Chukua mchi wa kutwangia. Ushike katikati: ni mwepesi. Sasa ushike mwisho wake na kuunyosha mbele yako: mkono unatetemeka. Je, mchi umeongezeka uzito? Hata kidogo. Umbali ndio ulioongeza kazi. Ndivyo ilivyo kwa mgongo. Bidoni ikiwa mbali na tumbo lako, nawe umeinama na kunyosha mikono, nyama za kiuno zinavuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wa bidoni yenyewe.

Kwa hiyo, ukiinua, sogea mpaka mzigo uwe katikati ya miguu yako. Tanua miguu, piga magoti, uvute mzigo uguse tumbo, ndipo uinuke kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu yako. Usipinde kiuno na mzigo mikononi. Mtu wa pili akiwapo, akusaidie kuutua na kuutwika.

Mafundisho hayo ni mema, nami huyafundisha. Lakini nisikudanganye. Katika nchi nyingine wafanyakazi wamefundishwa sana jinsi ya kuinua, na wachunguzi walipowalinganisha na wasiofundishwa, hawakuona kwamba mafundisho peke yake yaliwapunguzia maumivu. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu akifundishwa vizuri kuinua mzigo usiomfaa, mzigo haumfai bado.

Sasa tupime mizigo yetu. Karne ya 19 misafara ilitoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, kutafuta pembe za ndovu. Wapagazi wake, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wanaume wenye nguvu, nao walilipwa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Bidoni ya maji ya lita 20 ina kilo 20 na zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja, karibu kilo 9 au 10. Tia na kuni za kupikia, au mihogo iliyolowekwa ambayo bado inachuruzika maji, na mama amekwisha kumpita mpagazi wa Ujiji. Tofauti ni kwamba mpagazi alipewa nguo na posho, tena hakurudi nyumbani kupika.

Katika milima yetu hii iko habari nyingine. Mwaka 1965, wakati wa vita vya waasi, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wakuba, akakaa katika nchi ya Fizi tangu Aprili hadi Novemba. Baadaye aliandika kwamba wapiganaji wengi aliowakuta walikataa kupandisha vyakula na silaha kutoka ufuoni hadi kambi ya mlimani. Walimjibu kwamba wao si magari. Wazee wakisikia habari hiyo hucheka. Nami hucheka, kisha hujiuliza: kama mwanamume mwenye afya anajua kwamba yeye si gari, mbona hakutambua kwamba mkewe pia si gari?

Labda utasema, "Mama zetu wamezoea. Wametiwa nguvu tangu utoto." Neno hilo lina ukweli nusu. Mwaka 1986 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kenya: Wajaluo wanaobeba kichwani, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kichwa, kama mama zetu wa milimani. Walipima hewa waliyovuta huku wakitembea na mizigo. Waliona ajabu: mwanamke aliweza kubeba sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi kuliko anapotembea mikono mitupu. Ni ustadi mkubwa, na wazungu waliojaribu kubeba hawakuuweza. Lakini hesabu mwenyewe. Mama wa kilo 50, sehemu yake moja ya tano ni kilo 10. Hiyo ni nusu ya bidoni. Ikipita hapo, nguvu zinaanza kutumika kama kwa mtu ye yote. Tena wataalamu wale walipima pumzi, hawakupima mgongo. Mwaka 2010 uchunguzi wa watu wanaochota maji huko Limpopo, Afrika Kusini, ulieleza habari za wabebaji wenye maumivu ya shingo na ya mgongo. Kuzoea hakumzuii mtu asiumie, kunamfanya asiseme.

Basi tufanyeje? Sehemu kubwa ya jibu haihitaji fedha.

Bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja ya lita 20 inayovuta upande mmoja. Mtoto wa miaka minane asipewe bidoni ya mtu mzima. Ana mifupa inayokua. Kijana wa kiume wa miaka 15 anaweza kuchota maji kama dada yake, wala hatageuka kuwa msichana. Mwenye baiskeli aifunge bidoni nyuma na kuisukuma. Kwa nini baiskeli ilale chini ya dirisha wakati maji yanakuja kwa kichwa? Ndugu zetu wa Goma walijitengenezea chukudu kwa mbao, nao wanapeleka kwa chombo hicho magunia ambayo watu wanne wangeshindwa. Kwenye njia zetu za mlimani chukudu haitapita, wala toroli. Lakini barabara ya ufuoni ni tambarare katika sehemu nyingi. Kama washirika wa kijiji kimoja wakichanga na kununua toroli moja ya kisimani, mimi nitawasifu kuliko wanaochanga kununua kipaza sauti cha pili.

Baba, ukirudi kutoka shambani, chukua kuni. Ni hilo tu naliomba kwa mwanzo. Jumapili tunafundishana kuchukuliana mizigo, na wote twaitikia Amina kwa sauti kubwa. Sijaona bado mahali palipoandikwa kwamba neno hilo halihusu mihogo. Na kama wenzako wakikucheka njiani, watakucheka siku mbili au tatu. Mke mwenye mgongo ulioharibika utamwuguza miaka mingi.

Nawe mama mkwe, nina neno kwako pia. Mara nyingi si baba anayemzuia bi harusi apumzike, ila wewe. Unamwambia, "Mimi katika ujana wangu nilibeba kuliko huyu." Ni kweli, ulibeba. Na leo asubuhi ulikuwa kwenye benchi letu. Mwanamke mwenye mimba kubwa, na yule aliyezaa juzi, viungo vya kiuno chake vimelegea kwa sababu ya uzazi. Yafaa wengine wamchotee maji na kumletea kuni, hata kama hajalalamika.

Kazi nyingine za nyumbani nitazipitia upesi. Jembe lenye mpini mfupi humkunja mtu asubuhi nzima. Mwombe fundi akutie mpini mrefu zaidi, hasa kwa palizi. Kama huwezi, basi badili mkono, piga goti moja, na kila mwisho wa mstari usimame na kujinyosha nyuma, mikono kiunoni. Beseni la nguo uliweke juu ya jiwe au meza, si chini. Mtoto umfunge juu, karibu sana na mwili wako, kitenge kikiwa kimekazwa. Mtoto anayening'inia chini anavuta kiuno. Ukitwanga, usimame karibu na kinu. Nayo fagio la njiti lisilo na mpini, lililofungwa kwa kamba tu, ni adui mdogo anayetuinamisha kila alfajiri. Lifunge kwenye mti mrefu. Kwa mambo yote niliyoandika hapa, hili ndilo watu hulikubali upesi, na ndilo lisilogharimu hata faranga moja.

Wavuvi, msidhani nimewasahau. Mtumbwi usisukumwe na watu wawili kwa kuwa wengine wamechelewa. Ngojeni wawe wanne, tena wekeni magogo ya mviringo chini yake. Vijana wanaoshusha magunia kutoka mashuani, na ninyi mnaokwenda kuchimba dhahabu Misisi: mwaka 1967 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilishauri kwamba mzigo wa mwanamume mzima ukizidi kilo 55, upunguzwe upesi. Gunia la kilo 100 ni kazi ya watu wawili, hata kama mwenye mali anataka kulipa mmoja. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilibeba gunia la namna hiyo kwa ajili ya kushindana na rafiki. Nilishinda. Nikakaa wiki tatu bila kuweza kufunga viatu vyangu.

Na mgongo ukiisha kuuma? Wengi husema ni figo. Wengine husema ni mshipa, au wanatafuta jirani aliyewaroga. Mara nyingi sana ni nyama na viungo vya mgongo vilivyochoka, na maumivu hayo hupungua yenyewe katika majuma machache. Zamani waganga waliwaamuru watu kama hao walale kitandani. Siku hizi tumejua kwamba walikosea. Mgongo unaolala unadhoofika. Pumzika siku moja au mbili kama huwezi kusimama, kisha utembee polepole uani, ufanye kazi nyepesi, uongeze kidogo kidogo. Kitambaa cha maji moto chatuliza.

Usikubali kuchanjwa chale. Wembe uliomkata mwenzako unaweza kukuletea Ukimwi au ugonjwa wa ini, na mgongo utabaki vilevile. Usinunue sindano dukani kila juma. Vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku bila kuulizwa mganga vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo zilezile ulizoziogopa, na vingine ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Mkanda wa kiuno ambao wachuuzi wanausifu, usiutolee fedha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri usitumiwe kwa maumivu ya mgongo yaliyodumu. Hilo hilo lilishauri mazoezi ya mwili, na mafundisho kama haya.

Lakini yako maumivu ya mgongo ambayo hayangoji. Kama miguu inalegea, au kuna ganzi katikati ya mapaja, au mkojo na choo vinatoka bila kujua, au mkojo unakataa kutoka, njoo siku hiyo hiyo, hata usiku. Kama umeanguka kutoka mchikichi, usiinuliwe kwa mikono na miguu kama mbuzi. Ulazwe juu ya ubao au mlango na kuletwa hivyo. Kama kuna homa na kutetemeka, na mkojo unaunguza, hapo ndipo huenda ni figo kweli, na dawa yake iko. Mama mwenye mimba ambaye mgongo unauma, unaacha, unauma tena, huenda ameanza uchungu wa kuzaa. Asiambiwe kwamba amechoka tu.

Tena iko hatari inayokuja kimya kimya. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Chaweza kuingia katika mifupa ya mgongo na kuila. Maumivu yanadumu miezi, mtu anakonda, anatoka jasho usiku, mwishowe nundu inatokea mgongoni. Hasa mtazame mtoto anayekataa kuinama au anayejishika magoti ili asimame. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Zinamezwa miezi mingi, nazo huponya, lakini nundu iliyokwisha kutokea haitanyoka kwa vidonge. Kwa hiyo maumivu yanayopita majuma sita bila kupungua yaletwe tuyaangalie.

Nawe unayemsindikiza mama hospitalini kwa ajili ya mgongo, uchukue wewe sufuria, mkeka, na unga wa siku hizo. Mara nyingi nimeona mgonjwa wa mgongo akifika mlangoni petu na mzigo wake kichwani, na msindikizaji akija nyuma yake ameshika karatasi.